Namna ya kumsoma paka wako na ndugu zake wa porini, kwa sisi tunaoishi Dodoma na jirani

Mwaka juzi kule kwetu Mvumi bibi alipoteza kuku watano ndani ya wiki moja, na lawama zote zikaenda kwa paka wangu Pusi, ambaye nilimpeleka mwenyewe kijijini kwa ajili ya panya waliokua wanamaliza karanga stoo. Bibi alishatafuta na kiroba cha kumtilia ili akatupwe mbali. Aliyemwokoa ni mzee mmoja jirani, alipita asubuhi kusalimia tu, akachuchumaa pembeni ya banda la kuku pale kwenye vumbi, akakaa kimya mda mrefu alafu akatuita. Akatuonyesha unyayo wa vidole vinne usio na alama ya kucha hata moja. Akamkamata Pusi akamkanyagisha pembeni yake, wa Pusi ukatokea mdogo kabisa ukilinganisha. Akasema, "Huyu aliyekula kuku ni wa ukoo wa paka kweli, ila sio huyu wenu, huyu ni mondo."

Toka siku ile nimekua mtu wa kuangalia paka, nasoma, nauliza madaktari wa mifugo, jioni nakaa kibarazani nawatazama tu wanavofanya mambo yao. Na kitu ninachotaka kukuelekeza hapa ni hiki: karibu kila tabia ya paka tunayoiita ukaidi, uvivu au uchawi ni tabia ya mwindaji mdogo wa porini ambaye bado anaishi ndani ya huyo mnyama wako, kwahiyo ukiwajua ndugu zake wa msituni huyu wa sebuleni hatakusumbua kumwelewa.

Anza kwa kumjua babu yake. Paka wa nyumbani ametokana na kimburu, ambaye wengi tunamwita paka pori, jina lake la kisayansi Felis lybica. Utafiti wa vinasaba uliotoka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani wanatokana na vimburu wa Mashariki ya Kati, wale waliokua wanasogelea maghala ya wakulima wa kwanza kwa sababu penye nafaka pana panya. Na kisiwani Cyprus lilifukuliwa kaburi la mtu aliyezikwa na paka pembeni yake, la miaka kama 9,500 iliyopita. Kwahiyo huyu mnyama hakuna aliyemfunga kamba akamleta nyumbani kama tulivofanya kwa ng'ombe na mbuzi, yeye alikuja mwenyewe kwa miguu yake akifuata panya na sisi tukaona anafaa, ndo maana hata leo ukimwita anaweza akakuangalia tu akaendelea kulala. Sio dharau. Mbwa ametoka kwenye mnyama anayewinda na kundi kwa kusikilizana, paka ametoka kwa mnyama anayewinda peke yake na hajawahi kuhitaji amri ya mtu.

Kimburu yupo sehemu nyingi za nchi hii zenye vichaka na nyasi, hizi zetu za kanda ya kati zikiwemo. Ukimmulika usiku barabarani unaweza kusema ni paka wa mtu, lakini angalia miguu, ni mirefu, nyuma ya masikio pana rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na mkia una pete nyeusi hadi nchani. Mondo ni mkubwa zaidi, ana madoa, masikio makubwa na miguu mirefu kuliko paka yeyote ukilinganisha na mwili wake. Simbamangu ana rangi ya udongo na vishungi vyeusi juu ya masikio. Hao watatu pamoja na chui, duma na simba ndo ukoo wenyewe kwa hapa kwetu. Fungo na kanu watu wengi wanawachanganya humo ila hao ni ukoo mwingine.

Sasa tuje kwenye kumsoma. Mimi naanzaga na masikio kwa sababu hayo hayadanganyi. Yakiwa yamesimama yanaangalia mbele, ametulia au ana hamu ya kujua kitu. Yakizunguka huku na huku kila moja na upande wake, anasikiliza vitu ambavyo wewe huvisikii kabisa, maana panya wanaongea kwa sauti nyembamba sana ambazo sikio la binadamu linaishia njiani na la paka linaendelea. Mondo anategemea kitu hichohicho, anasimama kwenye nyasi ndefu amefumba macho nusu kama anasinzia, kumbe anamsikiliza panya chini ya majani, alafu anaruka juu na kutua na miguu yote miwili ya mbele pale pale. Ukimwona paka wako anarukia kiroba kitupu kinachochakachaka sakafuni kwa mtindo ule ule wa miguu miwili, hapo unamwona mondo. Masikio yakianza kugeukia pembeni kama mabawa ya ndege, amekereka au anaogopa. Yakilala kabisa nyuma yakabanwa kichwani, toa mkono, anayaficha yasichanwe kwenye ugomvi, na mkono wako ndo ugomvi wenyewe.

Macho yanataka umakini kidogo kwa sababu jua letu linachanganya. Mchana wa Dodoma mboni ya paka inakua mstari mwembamba kama uzi, hiyo ni mwanga tu. Kimburu na paka wanayo hiyo mboni ya kusimama wima, wakati simba na chui mboni zao ni za duara kama zetu, na wataalamu wanasema mstari ule unamsaidia mnyama mfupi anayevizia karibu na ardhi kupima umbali kabla hajaruka. Kitu cha kuangalia ni pale mboni zinapokua kubwa nyeusi wakati mwanga upo wa kutosha, hapo ana hofu au amepandisha mzuka wa kuwinda. Na akikutazama alafu akafumba macho polepole na kufumbua polepole, mrudishie vilevile. Watafiti wa chuo kikuu cha Sussex kule Uingereza walitoa utafiti 2020 unaoonyesha paka wanakubali zaidi kumsogelea hata mtu mgeni akiwafumbia macho taratibu hivo. Nilijaribu kwa paka wa jirani yangu hapa Nkuhungu ambaye alikua hakamatiki, ilinichukua kama wiki mbili za kukaa tu chini na kumfumbia macho bila kumfuata, sasa hivi anakuja mwenyewe kulala kwenye ndala zangu. Kumkodolea macho mfululizo usifanye, kwao hiyo ni vita.

Mkia sasa. Watu wengi wanausoma kama wa mbwa na hapo ndo makucha yanapoingia mkononi. Paka akija kwako mkia umesimama wima, pengine nchani umepinda kidogo, hiyo ni salamu, amefurahi kukuona. Simba wa kundi moja wakikutana nao wanainua mikia wanagongana vichwa na kusuguana mashavu, kwahiyo paka wako akikugonga mguu na kichwa anakusalimia kisimba, na wakati huohuo anakupaka harufu yake, ana tezi za harufu mashavuni, kwenye viganja na kwenye shina la mkia, sisi hatuisikii ila paka mwingine akija anajua huyu mtu ana mwenyewe. Mkia unaochapa kushoto kulia kwa nguvu sio furaha hata kidogo, ni kwamba uvumilivu unaisha. Mkia uliovimba kama brashi ya kuoshea chupa ni woga, anajikuza aonekane mkubwa. Ukiwa unamkuna mgongoni na ukaona ngozi ya mgongo inatetemeka, mkia umeanza kuchapa na sikio moja limegeuka nyuma, acha hapohapo, hajageuka mbaya ghafla kama watu wanavosema, alishakwambia mara tatu na hukusikia.

Na tumbo. Akijilaza chali akakuonyesha tumbo anakwambia anakuamini, hajakuomba ulikune. Tumbo ndo sehemu ambayo chui au mbwa akilishika basi, kwahiyo ukiligusa mwili wenyewe unajibu kwa miguu minne na meno kabla hata yeye hajafikiri. Wafundisheni na watoto hili mapema.

Kwenye sauti kuna jambo zuri sana. Ule mlio wa "nyau", paka wakubwa hawautumii sana wao kwa wao, ni sauti ambayo mtoto wa paka anamlilia mama yake, na paka wa nyumbani ameendelea nayo ukubwani kwa ajili yetu sisi kwa sababu kaona tunaitikia. Kila paka anatengeneza lugha yake na mtu wake, Pusi ana nyau moja fupi ya mlangoni na nyingine ndefu ya kuvutavuta ya chakula, na bibi anazijua zote mbili kuliko mimi. Ule mngurumo mdogo wa kifuani wa rrrr mara nyingi ni raha, lakini paka anaweza kuutoa hata akiwa anaumwa sana au anazaa, inaonekana unamtuliza, kwahiyo paka aliyejikunja kwenye kona giza hali chakula na ananguruma usiseme yupo sawa. Duma naye ananguruma hivohivo na hawezi kuunguruma kama simba, ukimsikia duma analia unaweza kudhani ni ndege. Na akikukandakanda na miguu ya mbele kama mtu anayekanda unga wa chapati, hiyo ni kumbukumbu ya utotoni, watoto wa paka wanakanda chuchu za mama maziwa yashuke.

Kuna pia ule mkao wa kunusa kitu alafu kubaki mdomo wazi, midomo imejikunja kama ameshangaa. Juu ya mdomo wake ndani kuna kiungo cha kusomea harufu, anavuta harufu ya mkojo wa paka mwingine anaisoma nani kapita na lini. Simba dume anafanya hivohivo kwa simba jike.

Swala la uvivu. Paka mkubwa analala kati ya saa 12 na 16 kwa siku, simba anaweza kufika hata saa 20, kwa sababu nyama ni chakula kizito na kuwinda kunakula nguvu nyingi kwa mda mfupi. Wahenga walishaona, simba mwenda pole ndiye mla nyama. Nguvu anazitunza kwa ajili ya magharibi na alfajiri, mda ambao panya wanatembea, na ndo mda huo huo Pusi alikua anakimbia juu ya dari kama farasi saa kumi usiku wakati mimi nina kazi asubuhi. Dawa yake ni kumpa windo kabla ya wewe kulala. Chukua kamba, funga manyoya ya kuku mwishoni, buruza sakafuni ukijificha nyuma ya kochi, simamisha, buruza tena, umwache avizie na mwisho umwache akamate kabisa, maana ukimnyima kukamata unamwachia hasira. Dakika kumi au kumi na tano zinatosha. Alafu mpe chakula hapohapo. Porini mpangilio ni huohuo, anawinda, anakula, anajiramba, analala. Nyumbani kwangu hii ilibadilisha usiku wetu ndani ya siku chache.

Hapo niseme kitu ambacho kinaniuma. Wengi tunaamini paka akishibishwa hatakamata panya, kwahiyo paka anaachwa na njaa makusudi au anapewa ugali mkavu uliobaki kwenye sufuria. Sio kweli. Hamu ya kuwinda na njaa ni vitu viwili kwa paka, aliyeshiba bado anawinda, anaweza asimle tu huyo panya, akakuletea mlangoni. Mama paka analeta panya akiwa hai kwa watoto wajifunze, na duma mama naye anamwachilia swala mdogo mbele ya watoto wake wajaribu kumkimbiza. Paka mwenye njaa ya kila siku anakua dhaifu, anaanza kuokota jalalani na hapo ndo anakwenda kwenye vifaranga vya watu.

Na ugali peke yake haumtoshi kabisa, methali inasema paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya, na sayansi imekuja kukubaliana nayo. Ukoo mzima wa paka ni wala nyama wa lazima. Hata ladha ya sukari hawaisikii. Kuna kirutubisho kinaitwa taurini kinachopatikana kwenye nyama na samaki, mwili wa paka hauwezi kujitengenezea cha kutosha, akikikosa mda mrefu macho yanaharibika na moyo unachoka, hilo la moyo liligundulika 1987. Kwahiyo kama uwezo wa chakula cha dukani haupo, ambao wengi hatuna, changanya hivi: dagaa walioloweshwa na kuoshwa chumvi, vichwa vya samaki vilivyochemshwa na kutolewa miba, moyo na firigisi za kuku, utumbo uliochemshwa, mabaki ya bucha. Ugali uwe kidogo tu wa kujazia. Maini kidogo kidogo, sio kila siku. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vichongoma, usimpe. Maziwa ya ng'ombe paka wengi wakubwa yanawaharisha, tumezoea kuona kwenye picha paka na sahani ya maziwa lakini maji safi ndo kitu chake.

Maji hasa kwa huku kwetu. Kimburu ni mnyama wa sehemu kavu, mwili wake umezoea kupata maji mengi kutoka kwenye nyama ya windo na kubana mkojo, kwahiyo paka wako hasikii kiu haraka hata kama anakula dagaa wakavu kiangazi chote. Mwagia mchuzi usio na chumvi kwenye chakula chake. Dume akiwa anachuchumaa mara kwa mara kama anataka kukojoa, analia na hakitoki kitu, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, njia ya mkojo imeziba na siku mbili tu zinaweza kumuua. Nilimpoteza paka mmoja hivo nikidhani amefunga choo tu.

Sumu nazo zipo tunazozishika kila siku. Ini la paka halina uwezo wa kuvunja dawa nyingi ambazo sisi na mbwa tunazimudu. Kidonge kimoja cha Panadol kinaweza kumuua. Dawa za kupe za kuogeshea ng'ombe na mbuzi, na zile za mbwa zenye permethrini au sipermethrini, ukimpaka paka kwa nia njema ya kumtoa viroboto anaanza kutetemeka na kudegedege. Kwa sisi wafugaji ambao pampu ya dawa ipo hapohapo uani hili ni la kuangalia sana. Na ukiweka sumu ya panya, paka anayemla panya huyo naye anakula sumu, kwahiyo chagua kimoja, paka au sumu.

Turudi kwenye mipaka yake. Paka anapokwaruza kochi anaacha harufu ya viganja na kuchuna maganda ya kucha zilizokufa, chui na simba wanachana magome ya miti kwa sababu hiyohiyo. Kumchapa hakusaidii, mpe mti wake. Tafuta gogo lenye urefu wa kumwezesha ajinyooshe mzima, lizungushie kamba ya katani, liweke karibu na anapolala kwa sababu paka hupenda kujinyoosha na kukwaruza akiamka. Dume kunyunyiza mkojo ukutani akiwa amesimama na mkia unatetemeka ni tangazo la mipaka, simba na chui wananyunyiza vichakani vilevile, na kwa paka kuhasiwa kunapunguza sana.

Kuhama kunahitaji neno lake kwa sababu toka serikali ilivoanza kuhamia hapa 2016 watu wanahama hama sana, mara Ipagala, mara Ihumwa, mara Mtumba. Paka anashika eneo kuliko mtu, ukimhamisha na kumfungulia mlango siku ya kwanza ataanza safari ya kurudi au atapotea. Mfungie chumba kimoja na kitambaa au boksi lake la zamani ambalo hujalifua, akianza kula na kujisugua kwenye kuta mpanulie nyumba nzima, nje umtoe baada ya wiki mbili au tatu, na umtoe akiwa na njaa ili arudi kula.

Ile milio ya usiku inayofanana na kilio cha mtoto, najua inavotisha, nimekulia kwenye nyumba ambayo ikianza watu wanaamka kusali. Kuna za aina mbili. Moja ni jike aliye kwenye joto anaita madume, na kwa kuwa yai la paka jike linatoka baada ya kupandwa, asipopandwa joto linarudi tena na tena. Ya pili ni mapaka shume wawili wamesimama uso kwa uso wanatishana, wanaweza kulia hivo nusu saa bila kugusana kwa sababu hata mshindi anaweza kuondoka na jeraha la kumnyima windo. Porini simba naye anaunguruma kwa sababu kama hiyo, bora mwenzake asikie akae mbali. Na paka mweusi ni rangi ya kurithi tu, hata chui na mondo weusi wapo. Nawaomba sana tusiwamwagie maji ya moto, milio ikizidi mtaani ongeeni na daktari wa mifugo madume yahasiwe na majike yafungwe kizazi. Jike anaweza kubeba mimba akiwa na miezi minne au sita tu, anabeba kwa siku kama 63 hadi 65, piga hesabu mwenyewe mtaa utakua na paka wangapi.

Hilo linawagusa hadi vimburu. Tishio lao kubwa ni kuzaliana na paka wetu mpaka damu yao inapotea, pamoja na magonjwa wanayoambukizwa. Kwahiyo ukiishi kijijini jirani na pori, kuhasi paka wako ni kumlinda na babu yake.

Na mtoto wa paka ukitaka awe mzoevu kwa watu, ashikwe taratibu na watu mbalimbali kati ya wiki ya pili na ya saba toka azaliwe, huo ndo mda ubongo wake unaamua nani ni salama. Ila usimtoe kwa mama kabla ya wiki nane.

Usije ukajaribu hivo kwa mtoto wa mondo au kimburu. Msimu wa kusafisha mashamba kabla ya mvua watu wanakutana nao vichakani, wanapendeza sana na mtu anamwonea huruma kwamba mama kamtupa. Mara nyingi mama kaenda kuwinda, au anawahamisha mmoja mmoja kama paka wako anavofanya. Waache, simamisha kazi upande huo hadi kesho yake, mama atawabeba. Wanyamapori kwa sheria Na. 5 ya 2009 huwezi kuwamiliki bila kibali, na hata ukimlea, akikua anabaki kuwa mwindaji wa porini ndani ya nyumba, mwana simba ni simba. Kama mama amekufa kweli mpigie afisa wanyamapori wa wilaya au TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori.

Kwa walio jirani na hifadhi za wanyama, vijiji vya Manyoni upande wa Rungwa na Kizigo, Kondoa na Chemba jirani na Swagaswaga na Mkungunero, au kule Iringa mpakani na Ruaha, kumbukeni ile kamba yenye manyoya ya kuku. Paka haifukuzi ikiwa imetulia, anaifukuza inapokimbia. Ukikutana na simba usikimbie hata kidogo, mgeukie, simama uonekane mkubwa, rudi nyuma taratibu bila kumpa mgongo. Chui naye usimkimbie, ila huyo usimkodolee macho, ondoka polepole umwachie njia ya kupita.

Paka yeyote, wa nyumbani au wa porini, akikung'ata au kukukwaruza na akatoka damu, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 alafu nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, kichaa cha mbwa kinapitia kwa paka pia. Wa kwako mchanje kila mwaka, siku ya kichaa cha mbwa duniani ni tarehe 28 Septemba na mara nyingi kampeni za chanjo zinakua mda huo. Mama mjamzito asishike mavi ya paka kwa mikono, mtu mwingine ayatoe kila siku.

Sasa kuku, maana najua ndo wengi mnawaza. Jioni fagia vizuri mbele ya banda vumbi liwe laini kama unga, asubuhi kabla watu hawajapita kaangalie. Vidole vinne bila kucha ni ukoo wa paka kwa sababu kucha zao zinaingia ndani wakitembea, isipokua duma. Na nyuma ya kiganja utaona vimbonyeo vitatu. Vidole vinne na kucha mbele ni mbwa au bweha. Vidole vitano na kucha ndefu zilizochora chini mbali kidogo na vidole ni nyegere, huyo anachimba hadi chini ya ukuta. Kwa ukubwa weka kizibo cha soda pembeni, unyayo wa paka wa nyumbani unalingana nacho karibu sawa, kimburu anakizidi kidogo, mondo anakizidi kwa nusu nzima. Ukikuta wa kujaa kiganja cha mkono usifuate, hiyo ni kazi ya askari wa wanyamapori.

Bibi tulimjengea banda lililoinuliwa na nguzo, tukazungushia wavu hadi juu, mlango unafungwa kabla jua halijazama. Mondo amepita mara nyingi tu toka hapo na hajapata kitu, naye anamaliza panya wa shambani kwetu. Pusi bado yupo stoo kwenye karanga. Na bibi kila jioni anafagia mbele ya banda, asubuhi ananipigia simu kuniambia nani kapita.